Maneno Mawili Nyuma ya Rafu

Ninyi vijana mtakaosoma haya, someni polepole, kwa sababu mwandiko wangu ni wa mtu aliyeishia darasa la tatu. Siandiki ili mnihurumie, wala sitaki mtu aje nyumbani kwangu kunishika mkono na kuniuliza ninajisikiaje. Ninaandika kwa sababu jambo hili likibebwa kwa mdomo litaharibika njiani, na mimi najua vizuri namna jambo linavyoharibika njiani. Nianze na harufu, maana ndiyo iliyonipokea mlangoni siku ile ya Jumatano: udongo mweupe uliolowa, kinyesi cha popo, na karatasi zilizokaa gizani miaka mingi. Udongo huo kwetu tunauita ingwa. Unachimbwa bondeni, unalowekwa, unapakwa ukutani kama chokaa, na ukiwa mbichi unanuka kama mvua iliyoangukia jivu. Ndani ya jengo lile nilikuwa sijainusa harufu hiyo tangu nikiwa mtoto wa miaka tisa. Nilipoinusa nilidhani nitalia, au nitakaa chini. Sikufanya lolote. Nilisimama kama gunia lililoegeshwa. Mjukuu wangu Editha, aliyenisindikiza, aliniuliza kama nimechoka, nikamwambia sijachoka.

Jengo lenyewe ni maktaba ya misheni moja ya zamani huku kwetu Ngara, juu ya kilima, mwendo wa nusu asubuhi kwa miguu kutoka nilikozaliwa. Lilijengwa na mapadre kabla sijazaliwa, kwa matofali ya kuchoma na vigae vilivyofinyangwa palepale. Ninyi wengi mnalijua kama stoo, kwa sababu miaka mingi lilitiwa mahindi, vitanda vibovu na baiskeli zisizo na magurudumu. Sasa wanalikarabati. Wamesema ni jengo la historia, lirudi kuwa maktaba kama lilivyokuwa, watoto wa shule waingie wasome. Wakatuita wazee tuliolifahamu zamani, tuwaeleze sakafu ilikuwaje, madirisha yalifungukia ndani au nje, kuta zilipakwa nini. Tulikwenda wanne. Wawili kati yetu hawakumbuki hata walichokula jana, lakini walivaa vizuri. Mzee mmoja akashikilia kwamba kuta zilikuwa za buluu. Nikamwambia buluu ilikuwa ya mlango, ila yeye hawezi kujua, kwa sababu siku zile hakuwa anapita mlangoni, alikuwa anaruka ukuta kuiba mapera ya masista. Akacheka mpaka akakohoa, na hakubisha tena.

Anayesimamia kazi ni binti mmoja mhandisi, amevaa suruali na helmeti, lakini alipotuamkia shikamoo alipinda goti, nikamwitikia marahaba kwa moyo. Alitupitisha kati ya mbao walizozifunga ili mafundi wapande, akatufikisha kwenye ukuta wa nyuma. Pale ilikaa rafu kubwa kuliko zote, ile ya mbao nyekundu, ambayo haikuwahi kusogezwa tangu siku nilizokuwa mtoto. Waliisogeza wiki iliyopita kwa wanaume wanane. Nyuma yake waliukwangua ukuta, rangi ya juu, ya chini yake, na chini yake tena, hadi wakafika kwenye lipu ya kwanza, ya kahawia. Humo wakakuta maneno mawili, yamekwaruzwa kwa kitu chenye ncha, moja juu ya jingine. Lipu ni ya kahawia lakini herufi ni nyeupe, kwa sababu ingwa ilijaa ndani ya mikwaruzo ikakauka humo. La juu linasomeka MAHALI. La chini linasomeka MAHARI.

Mafundi walikuwa wameshayafanyia utani wa kutosha. Mmoja, kijana mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma, akaniambia, "Bibi, huyu alikuwa padre, anatafuta mahali pa kupata mahari." Wenzake wakacheka. Mzee wa mapera akasema hapana, ni alama ya seremala, kuonyesha mahali pa kuweka rafu, na la pili ni la msaidizi wake Mhangaza, mtu wa kabila letu, aliyekosea akaandika kama tunavyosema sisi. Wakacheka zaidi, maana kweli tunasema hivyo. Binti mhandisi hakucheka. Akasema kama maneno yana habari yake, sehemu ile ya ukuta itaachwa wazi na kuwekewa kioo, watu waione. Kama hakuna anayejua, Jumatatu inapigwa lipu pamoja na kuta nyingine, kazi iendelee. Kisha akanigeukia mimi.

"Bibi, wewe unajua habari ya maneno haya?"

"Sijui," nikamwambia.

Nilijua. Aliyeyaandika ni dada yangu Leokadia. Aliyeyafunika ni mimi.

Leokadia alikuwa mkubwa wangu kwa miaka saba. Nyumbani tulimwita Reo, kwa sababu ulimi wa kwetu hauna shughuli na ile herufi nyingine, L. Kwa Kihangaza tunasema tunavyosema na tunaelewana, na Kiswahili tulikipokea sokoni na kanisani tukakisema kwa ulimi uleule. Ubatizo wake uliandikwa Leokadia, padre akamwita Leokadia, na baba akaitika "Reokadia" bila kusikia kwamba amesema kitu tofauti. Mwaka ule ninaousimulia Reo alikuwa anakaa misheni. Alikuwa anafagia maktaba, anapangusa vitabu, anafukuza mchwa kwa mafuta ya taa, na jioni sista mmoja alikuwa anamfundisha. Sisi watoto tulimwita sista huyo Sista wa Vitabu. Alikuwa Mzungu aliyejifunza Kiswahili kwa kitabu, kwa hiyo alikisema kama kilivyoandikwa na hakuvumilia mtu anayekichezea. Alimfundisha Reo kusoma, kuandika, kuhesabu, na hata kuiweka ile herufi mahali pake. Reo alipokuja nyumbani siku za sikukuu alikuwa anasema "kulala" na "kalamu" kama mtu wa pwani, na kaka zetu walimcheka, wakamwita Bibi Mwarabu.

Kiangazi kile paa la maktaba lilikuwa limevuja na kuta zimechubuka, wakaamua kulitengeneza. Ndiyo maana nasema nimeliona jengo lile likikarabatiwa mara mbili. Wanaume walipanda kwenye vigae. Sisi wasichana wa mafundisho tuliitwa kubeba ingwa kutoka bondeni na kuipaka ukutani. Tulikaa misheni juma zima na kurudi makwetu Jumamosi. Nilikuwa mdogo kuliko wote, nikapewa kazi ya kukanyaga. Ingwa ilimwagwa kwenye shimo pamoja na maji, nikaingia na miguu yangu na kukanyaga kutwa, mpaka ilainike kama uji wa mtoto. Vitabu vyote vilitolewa nje na kutandazwa juani juu ya majamvi, kurasa zikipepea, na Reo akipita katikati yake akivigeuza kimoja kimoja, upande huu ukikauka, anageuza upande ule, kama mtu anayeanika maharage. Miguu yangu ilikuwa myeupe hadi magotini. Nakumbuka ubaridi wa shimo lile asubuhi, na uji wa mtama wa masista usiokuwa na chumvi, na kwamba nilikuwa na furaha. Neno furaha naliandika kwa sababu nakumbuka kwamba ilikuwepo. Yenyewe siisikii tena.

Jumamosi ya pili Sista wa Vitabu aliniita kutoka shimoni. Akaniambia nipeleke neno kwa baba. Shule ya wasichana ya kusomea ualimu, huko ng'ambo ya ziwa, imempokea Leokadia. Lori la misheni litapita kwa njia ya Biharamulo, si Jumatatu hii ya kesho kutwa, bali inayoifuata. Siku moja kabla yake, Jumapili, baada ya misa, baba afike aseme kwamba ameridhika. Leokadia hawezi kwenda nyumbani mwenyewe kwa sababu vitabu viko nje na yeye ndiye anayejua kila kimoja kilikotoka. Barua haikuandikwa kwa kuwa baba hakujua kusoma, na katekista aliyekuwa akiwasomea watu barua alikuwa safarini. Basi sista akaufupisha ujumbe ili uingie katika kichwa changu. Akasema, niseme hivihivi, nisigeuze: Leokadia amepata mahali, Jumapili baba aje.

Akanitaka nirudie. Nikarudia, "Reokadia amepata mahari, Jumapili baba aje." Akasema, si mahari, sema mahali. Nikasema mahari. Akaligawa neno vipande, ma, ha, li. Nikaligawa kama yeye, ma, ha, ri. Tukafanya hivyo mara nyingi. Wasichana wenzangu walikuwa wanatazama, mmoja akasema kwa sauti kwamba ulimi wangu nimeukanyagia shimoni. Mwishowe sista naye akacheka, akanipa nusu ya mkate, akaniambia niende tu, baba ataelewa.

Lazima mwelewe jambo hili vizuri, kwa sababu ndipo mambo yote yalipo. Kwa Kihangaza maneno hayo mawili hayafanani hata kidogo. Ningekuwa nimeelewa ninachobeba, ningekigeuza kwa lugha yetu, na baba asingekosea. Lakini sikuelewa. Kupata mahali ni kufanya nini? Kila mtu ana mahali. Nililibeba neno kama nilivyopewa, kama mtu anayebeba kifurushi kilichofungwa. Njia nzima nililisema kwa sauti ili lisidondoke, nikishuka mlima na kupanda mwingine, nikila mkate.

Nilimkuta baba anasuka kamba kwenye ua. Nikampigia magoti, nikamwamkia, nikasema: Reokadia amepata mahari, Jumapili uje. Akaacha kamba. Akaniuliza nani amesema. Nikasema Sista wa Vitabu. Akaniuliza tena, mahari? Nikasema ndiyo, mahari. Ilikuwa hivi. Watu wa Ntobeye walikuwa wameshakuja mara mbili kumwomba Reo kwa ajili ya kijana wao, na baba hakuwajibu, kwa sababu walikuja na maneno mazuri na hawakuonyesha ng'ombe. Sasa akaona wamepata, na kwa adabu wamepitishia neno kwa masista ambako binti anakaa, na masista wamekubali, na Jumapili ya wiki ijayo anaitwa ili jambo litangazwe kanisani. Lilikaa sawa kabisa kichwani mwake. Hakuna palipopwaya. Akasimama, akasogeza kigoda chake, akaniambia nikae. Baba hakuwahi kumwachia mtoto wa kike kigoda chake. Nilikaa na miguu yangu myeupe, mama akaniletea maziwa, na baba akasema kwamba ng'ombe wa kwanza atakayeingia na ndama, mimi ndiye nitakayemkamua. Kesho yake asubuhi akamtuma kaka yetu mkubwa Ntobeye, akawaambie kwamba amesikia na waje.

Watu wa Ntobeye walishangaa, hilo nilikuja kulijua baadaye. Walikuwa hawajapata kitu. Lakini mtu akiambiwa njoo, haulizi nani alikudanganya kwamba niko tayari. Walizunguka kwa ndugu zao, wakakusanya.

Jumatatu nikarudi misheni. Reo alikuwa ndani ya maktaba, mbele ya ukuta ule wa nyuma, ambao ulikuwa umebaki peke yake bila kupakwa. Rafu nyekundu ilikuwa imesogezwa katikati ya chumba. Akaniuliza baba amesemaje. Nikamwambia baba amefurahi sana, amenipa kigoda chake. Reo akanishika mashavu kwa mikono yake yenye vumbi la vitabu. Akaniuliza, uliusemaje ujumbe? Nikausema. Akacheka, akasema hivyo siyo, njoo nikuonyeshe. Akachukua msumari, akakwaruza ukutani neno la kwanza, na chini yake la pili. Akanionyesha ulimi unapogusa, nyuma ya meno, na unapotetemeka. Kisha akanieleza kwa Kihangaza, kwa utulivu, kama alivyofundishwa na sista wake.

"Hili la juu ni mahali, pa mtu kukaa. Nimepata mahali shuleni, nitakuwa mwalimu. Hili la chini ni ng'ombe. Umeona? Herufi moja tu."

Niliona. Nilielewa palepale. Nilimwona baba ameacha kamba, nilimwona kaka ameshuka njia ya Ntobeye na fimbo yake. Ilikuwa Jumatatu. Ng'ombe waliingia uani kwetu Ijumaa. Kati ya Jumatatu na Ijumaa kuna siku za kutosha kwa mtoto kufungua mdomo. Ningesema pale, Reo angekimbia hadi nyumbani akafika kabla ya giza, na mpaka leo angekuwa mtu mwingine.

Nilinyamaza. Nimekuwa na miaka mingi ya kujiuliza kwa nini, na majibu ninayo mengi kupita kiasi. Niliogopa fimbo ya baba. Nilikitaka kigoda, na yule ng'ombe wa kukamua. Lakini kuna jingine ambalo huwa linakuja mwisho, nikiwa napalilia au nachambua mchele, na hilo nadhani ndilo lenyewe. Reo alipomaliza kunifundisha alisema lori litapita Biharamulo, litaingia msituni, litafika ziwani, na kutoka hapo ni meli. Nikamwuliza nitakuja lini kukuona. Akasema huwezi kuja, ni mbali. Na Ntobeye nilikuwa nakujua. Ntobeye ni kwa miguu.

Reo akaitwa nje, kulikuwa na wingu na vitabu vilitakiwa kufunikwa. Nilibaki na ukuta. Nikachota ingwa kwa kiganja, nikaijaza kwenye mikwaruzo, neno la chini kwanza, kisha la juu. Nikapaka, nikarudia kupaka, mpaka ukuta ukawa mweupe wote kama kuta nyingine. Alasiri wanaume wakairudisha rafu.

Yaliyofuata ni mafupi. Ng'ombe walikuja, pombe ya ndizi ikanywewa, Jumamosi Reo akaitwa nyumbani. Alifika akiwa na gauni lake la misheni, na alipoelewa kinachofanyika alipiga magoti mbele ya baba, akasema, baba, walisema mahali. Baba akamjibu, hata mimi nilisikia mahari. Reo akasema, si mahari, mahali. Baba akasema, ndiyo, mahari, ndilo neno. Walisemezana hivyo mbele ya wageni, mzee na binti yake, na wageni wakadhani wanakubaliana. Baadhi walitabasamu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikishika kibuyu cha maziwa.

Jumapili Sista wa Vitabu alimsubiri baba nje ya kanisa, wakazungumza muda mrefu. Baba alivua kofia, akamsikiliza kwa heshima. Mwishowe akasema kosa amelielewa, lakini ng'ombe wameshalala kwenye ua wake na pombe imeshanywewa, na msichana ambaye ng'ombe wake wamerudishwa, hakuna kilima ambako hatatajwa. Sista akaniita, akaniuliza nilimwambia baba nini. Nikamjibu, nilimwambia kama ulivyoniambia. Akageuka, akarudi kanisani. Nadhani alikumbuka kicheko chake na ule mkate. Jumatatu lori lilipita na msichana mwingine, wa upande wa Runazi, akachukua nafasi ile. Baada ya mavuno Reo akaenda Ntobeye.

Sitawaambia kwamba maisha yake yalikuwa mabaya, kwa sababu huo utakuwa uongo. Mume wake alikuwa mtu mpole, hakumpiga, naye alikufa miaka mingi iliyopita. Alizaa watoto wanane, akazika watatu. Amelima. Kilima kizima walikuwa wakimpelekea barua zao awasomee, na alizisoma bila kumtangazia mtu siri ya mwenzake. Nilikuwa naenda kumwona mara kwa mara, kama nilivyotaka, kwa miguu. Tulichambua maharage pamoja, tukazungumza habari za watoto. Hakuwahi kunilaumu, maana kwake mimi ni mtoto aliyekosea neno, na mtoto halaumiwi kwa ulimi wake. Mara moja tu, tukiwa tumerudi kuzika mmoja wa wale watatu, aliniuliza bila kunitazama, "Hivi ile nafasi alikwenda nani?" Nikamwambia sijui. Nilikuwa najua. Naona hilo ndilo jibu ninalolitoa kila ninapokuwa na kitu cha kusema.

Jumatano ile nilirudi nyumbani na Editha kwa miguu, sikutaka pikipiki. Yeye yuko kidato cha tatu. Alipochaguliwa kwenda sekondari jina lake lilibandikwa ukutani, akalisoma mwenyewe kwa macho yake, akaja akanisomea mimi, na hakukuwa na mtu katikati. Anasema mahali na mahari kila moja kwa sauti yake, wala hajui kwamba ni kazi. Kuna simu katika kila nyumba, na mtu wa Ntobeye akipiga chafya unaweza kuambiwa kabla hajajifuta. Zamani neno lilikwenda kwa miguu ya mtoto, na kama halikufika hakuna aliyejua. Siwezi kuwaambia sasa ni bora au zamani ilikuwa bora, mimi ninachojua ni kwamba Reo angezaliwa wakati wa Editha angekuwa mwalimu mstaafu.  Tulipokaribia nyumbani Editha akasema, "Bibi, kule ulisema hujui, lakini uliugusa ukuta. Uliyagusa yale maneno kwa kidole, ukafuata herufi kama mtu anayeandika." Nikamwambia watoto wa siku hizi wana macho makubwa kuliko adabu. Lakini sikuwa na hasira. Nilikuwa nazihesabu siku zilizobaki hadi Jumatatu.

Tuliwakuta wanapura maharage uani, mwanangu Deo na mke wake, vumbi limejaa hewani. Niliketi nikaomba maji. Nikawaambia waache fimbo chini wanisikilize, na nikamwambia Editha alete daftari na kalamu. Deo alipoona natafuta mtu wa kwenda Ntobeye akasema, mama, si tumpigie tu mama mkubwa, simu yake inapatikana. Nikamwambia hapana. Leo ni Alhamisi, nimekaa tangu asubuhi kuyaandika haya, na karatasi niliyomwambia Editha aandike ipo hapa mbele yangu, Deo ataichukua kesho. Hivi ndivyo nilivyowaagiza, na nayaweka hapa kama nilivyoyasema, asije mtu akayabadilisha:

"Editha, andika. Dada Leokadia, Jumamosi nitakuwa ndani ya maktaba, mahali ilipokuwa rafu nyekundu. Njoo kabla hawajapiga lipu, kuna neno lako nimekaa nalo. Andika mahali kwa herufi yake, halafu unisomee. Deo, Ijumaa utaipeleka karatasi hii, utampa mkononi, utamwacha aisome mwenyewe. Jumamosi utamleta kwa pikipiki, polepole, ni mzee. Usimpitishe hapa nyumbani kwanza. Na akikuuliza njiani mdogo wangu ana nini, usimjibu neno la kwako hata moja."